UZI: Pakiti mbele imeandikwa "protini nyingi", je nyuma inasemaje? Tusome lebo za vitafunwa

Mpima_Nafaka (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nimekaa na hili jambo muda mrefu leo nimeona niliandike lote, litakuwa refu kidogo mnivumilie.

Siku hizi ukiingia supamaketi yoyote ya Dar, Arusha, Mwanza, hata maduka ya kawaida ya mtaani, biskuti ni protini, krispi ni protini, mpaka kashata za kwenye pakiti zimechorwa msuli. Wazazi wananunua wanaweka kwenye begi la mtoto wa shule wakijua wamemaliza habari ya lishe, vijana wa gym wananunua baa moja kwa hela ambayo ingetosha trei nusu ya mayai. Mimi nafanya kazi upande wa ubora kwenye kiwanda cha chakula (sio cha biskuti), kwa hiyo najua yale maneno ya mbele yanavyopatikana, na inaniuma nikiona mtu ametoa hela yake kwa sababu ya neno moja tu wakati majibu yote yapo nyuma ya pakiti hiyohiyo aliyoshika mkononi.

Geuza pakiti. Kuna kijedwali cha lishe. Achana kwanza na ile safu ya "kwa sevingi moja" (kiasi cha kula mara moja), nenda kwenye safu ya gramu 100. Chukua vitu viwili tu hapo, nishati kwa kilokalori na protini kwa gramu. Gramu moja ya protini inatoa kilokalori 4, kwa hiyo zidisha protini mara 4, gawanya kwa nishati yote, zidisha mara 100. Hiyo asilimia unayopata inakuambia katika nguvu yote utakayopata kwenye kile kitu, protini imechangia kiasi gani. Kama pakiti yako ina kilojuli tu basi zidisha protini mara 17 badala ya 4, alafu gawanya kwa kilojuli, jibu ni lilelile.

Mfano biskuti ya kawaida ya ngano, protini gramu 7 nishati kilokalori 470. 7 mara 4 ni 28, gawanya kwa 470 unapata asilimia 6. Yani asilimia 94 ya nguvu unayopata inatoka kwenye wanga, sukari na mafuta. Krispi za viazi, protini gramu 6, nishati 540, unapata asilimia 4 na nusu hivi. Sasa pima vitu vya nyumbani kwa njia hiyohiyo. Yai la kuchemsha lina gramu 12 na nusu kwa kila gramu 100 na kilokalori 155, hiyo ni asilimia 32. Maharage makavu gramu 22 na kilokalori kama 335, asilimia 26. Karanga gramu 26 lakini nishati yake ni 570 maana karibu nusu ya karanga ni mafuta, inakuja asilimia 18.

Kwanini nasema tumia safu ya gramu 100? Kwa sababu sevingi anaipanga mwenye bidhaa. Mmoja ataandika biskuti 2 mwingine 5, mwingine pakiti nzima, huwezi kulinganisha. Na hapo ndipo watu wanapopotea kabisa.

Ulizeni tu, ninachokijua nitasema.

---

Kijana_wa_Tabata

Mkuu ahsante kwa hii nondo. Swali langu ni moja, kama biskuti ina asilimia 6 tu ya protini kwanini wanaruhusiwa kuandika "chanzo cha protini" mbele? TBS (shirika la viwango) wako wapi? Maana mimi nilijua lile neno likishaandikwa ujue kuna mtu amelikagua.

---

Mpima_Nafaka

Kijana_wa_Tabata swali zuri sana na hapa ndio pana moyo wa jambo lenyewe.

Neno kama hilo kwa kawaida linawekewa kiwango, ila kiwango sio kimoja dunia nzima. Ule mwongozo wa kimataifa wa Codex (chombo cha FAO na WHO, mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa) unachukua gramu 50 za protini kwa siku kama kipimo cha rejea. Chakula kigumu kikifikisha asilimia 10 ya hizo gramu 50 ndani ya gramu 100, yani gramu 5 tu, kinaweza kuitwa chanzo cha protini. Kikifikisha mara mbili yake, gramu 10, kinaitwa chenye protini nyingi. Sasa rudi kwenye krispi zetu za viazi zenye gramu 6. Umeona? Zimepita! Biskuti ya gramu 7 nayo imepita. Kwa kipimo hicho hakuna aliyedanganya, ni kipimo chenyewe ndicho hakiangalii hiyo protini imekuja na mafuta na sukari kiasi gani.

Ulaya wanapima tofauti. Sheria yao namba 1924 ya mwaka 2006 inasema ili uandike chanzo cha protini lazima angalau asilimia 12 ya nishati yote itoke kwenye protini, na ili uandike protini nyingi lazima iwe asilimia 20. Ndio maana nimewapa ile hesabu ya kuzidisha kwa 4, ni kipimo cha Ulaya kilekile mnaweza kukifanya kwa kalkuleta ya simu mkiwa mmesimama dukani. Kwa kipimo hicho krispi na biskuti zinaanguka, na karanga zenyewe zinapita kwenye "chanzo" lakini hazifiki "nyingi", maana mafuta yake ni mengi. Yai na maharage yanapita yote mawili bila shida.

Kwetu Afrika Mashariki kuna viwango vya pamoja, EAS 38 ya lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 803 ya maelezo ya lishe na EAS 805 ya madai ya lishe na afya. TBS ndio wanasimamia huku, na tangu 2019 shughuli za usalama wa chakula zilizokuwa TFDA (iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa) zilihamia kwao. Kwa hiyo ukiona dai halina hata jedwali la lishe nyuma, hiyo ni ya kuripoti TBS kabisa. Ila kama jedwali lipo na gramu zipo, kazi ya kuamua inabaki kwako mnunuzi, na mimi nasema tuamue kwa ile asilimia ya nishati.

---

Bint_Kisauni

Ahsante sana ndugu. Mimi niko Mombasa, huku kwetu shirika la viwango ni KEBS lakini mambo ni hayohayo. Nimetoka kuchukua pakiti mbili jikoni sasa hivi nikahesabu. Moja mbele imeandikwa protini gramu 9 kwa herufi kubwa, nyuma nikakuta hizo gramu 9 ni "ikiliwa na maziwa". Kumbe ile nafaka yenyewe ni gramu 2 kasoro kwa sevingi! Maziwa ni yangu, nimenunua kwa hela yangu, mbona wayahesabu kwenye boksi lao?

---

Mpima_Nafaka

Bint_Kisauni hapo umegusa penyewe dada yangu, na nimefurahi umeenda kuangalia mwenyewe. Bilauri ya maziwa ya mililita 250 ina protini gramu 8 hivi. Kwa hiyo ukichukua nafaka yoyote ile, hata unga wa mahindi mtupu, ukaandika "pamoja na maziwa" utapata namba nzuri tu. Ukiona maneno "ikiandaliwa kama ilivyoelekezwa" au "pamoja na maziwa" toa kwanza protini ya hayo maziwa (gramu 8 kama ni mililita 250) ndio uangalie kilichobaki.

---

Mzee_wa_Chuma

Mkuu nakuheshimu ila kwenye gym tunaongea gramu. Baa yangu ina gramu 20 za protini, kilokalori 220. Kwa hesabu yako 20 mara 4 ni 80, gawanya kwa 220 ni asilimia 36. Imepita hata hiyo ya Ulaya. Gramu 20 ni gramu 20 hayo mengine ni kutafuta sababu tu, tusiwatishe vijana.

---

Mpima_Nafaka

Mzee_wa_Chuma kaka hesabu yako iko sahihi kabisa na baa ya namna hiyo kwa upande wa wingi iko vizuri, sibishi. Ila hiyo ya "gramu 20 ni gramu 20" naomba niikatae kwa heshima, na nieleze kwanini, maana hapa ndipo penye mambo mengi ambayo lebo haisemi.

Maabara ikipima protini kwa njia ya kawaida haihesabu protini yenyewe. Inahesabu naitrojeni. Njia hii aliitoa Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmark, mwaka 1883 kwenye maabara ya Carlsberg pale Copenhagen, shida yao ilikuwa nafaka za kutengenezea bia. Unachemsha sampuli kwenye asidi kali, naitrojeni yote inageuzwa kuwa amonia, unaipima, alafu unazidisha kwa 6.25 kwa sababu protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16 (100 gawanya kwa 16 ndio hiyo 6.25). Kwa ngano wanatumia 5.7 na kwa maziwa 6.38. Njia hii mpaka leo inatumika na ni nzuri, ila ina mlango mmoja uko wazi: chochote chenye naitrojeni kikiingia kwenye sampuli kinahesabika kama protini.

Na watu waliupita huo mlango. China mwaka 2008 maziwa yalikuwa yanaongezwa maji, alafu ili kipimo kisionyeshe yamepungua protini wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Watoto wachanga karibu 300,000 waliugua, figo zikaziba kwa mawe, 6 wakafariki. Watoto wa watu! Kwa ajili ya namba kwenye kipimo. Mimi nikifundisha vijana wapya kazini hii ndio naanza nayo kabla hata hawajashika chupa, maana mtu akishajua hili hatachukulia kipimo kirahisi tena.

Sisemi baa yako ina melamini kaka, hapana. Nasema kuna mambo mepesi zaidi ya hayo yanayofanyika. Kwenye poda na baa kuna wanaoongeza asidi amino (vijenzi vya protini) za bei rahisi kama glisini, naitrojeni inapanda, namba inapanda, lakini msuli hauwezi kujengwa na glisini peke yake. Kuna wanaotumia kolajeni au jelatini, yani ngozi na mifupa iliyochakatwa. Ile ni protini kweli lakini inakosa kabisa asidi amino moja muhimu inaitwa triptofani, na mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Ukiipima kwa ubora, jelatini peke yake inapata sifuri.

Maana kuna kipimo cha ubora. FAO na WHO walikipendekeza mwaka 1991, kinaangalia vitu viwili, je asidi amino zote muhimu zipo za kutosha, na je tumbo linaimeng'enya kiasi gani. Maziwa na mayai yanapata 1 kamili, soya iliyosafishwa iko karibu na 1, karanga kama nusu, gluteni ya ngano robo tu. (Baadaye mwaka 2013 FAO wakapendekeza kipimo kipya zaidi ila mengi mtakayoyaona bado ni ya kile cha 1991.) Sasa baa ya gramu 20 za protini ya maziwa na baa ya gramu 20 ambazo nusu ni kolajeni na robo ni gluteni, lebo zote mbili zinaonyesha 20.

Kwa hiyo ukishamaliza hesabu soma viambato. Vinaandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kinaanza. Ukiona protini ya whey (yale maji yanayotengana maziwa yakiganda), maziwa, soya, mayai, karanga mwanzoni, sawa. Ukiona mwanzoni kabisa ni sharubati ya glukosi na sukari alafu kolajeni, basi umenunua pipi.

---

Mbongo_Minnesota

Wakuu nipo Marekani huku miaka mingi, naongezea hapo kwa mleta uzi kwa sababu ndugu wengi wanatutuma tuwaletee hizi baa kwenye mabegi.

Huku kwenye lebo kuna safu ya asilimia ya mahitaji ya siku. Kwa protini kampuni nyingi huwa zinaacha wazi, lakini mtu akishaandika dai la protini mbele ya pakiti analazimika na FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya huku) kuweka hiyo asilimia, na asilimia hiyo lazima iwe imeshapunguzwa kwa ubora, kwa kipimo hichohicho alichosema mkuu. Rejea yao ni gramu 50. Sasa angalia, gramu 10 kati ya 50 inatakiwa iwe asilimia 20. Ukikuta imeandikwa gramu 10 alafu pembeni asilimia 6, ujue protini yenyewe ni dhaifu, mwili utatumia sehemu ndogo. Mimi siku nilipolijua hili nikaanza kuzipitia pakiti za kabatini moja moja, unakuta gramu kubwa mbele, asilimia pembeni ni 2, nyingine sifuri kabisa!

Na huku ili waandike "chanzo kizuri" inatakiwa asilimia 10 mpaka 19, "nyingi" ni 20 kwenda juu, na ni hiyo iliyopunguzwa tayari. Kwa hiyo ukipewa baa ya kutoka huku usiangalie gramu, angalia hiyo asilimia kwanza.

---

Mpima_Nafaka

Mbongo_Minnesota umenisaidia sana mkuu, hiyo ya asilimia pembeni ni njia rahisi kuliko zote kwa bidhaa za Marekani. Kwa bahati mbaya za Ulaya, za Uarabuni na hizi zetu nyingi hazina hiyo namba, ndio maana tunarudi kwenye viambato.

---

Mzee_wa_Chuma

Nimeenda kusoma viambato vya baa yangu. Cha kwanza protini ya maziwa, cha pili kolajeni, cha tatu maltitoli. Nimekuelewa mkuu. Hiyo maltitoli nayo ni nini?

---

Mpima_Nafaka

Ni kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ndio kinawaruhusu kuandika "bila sukari". Sio sumu, ila ukila nyingi tumbo linajaa gesi na unaharisha. Kama baa zimekuwa zinakuvuruga tumbo anza kushuku hapo.

Na kaka kwa vile unanunua kila siku piga pia hesabu ya bei kwa gramu, gawanya bei kwa gramu za protini. Tuseme baa ni shilingi 6,000 ina gramu 15, hiyo ni shilingi 400 kwa gramu moja. Yai tuseme shilingi 400 lina gramu 6, ni kama shilingi 67 kwa gramu. Kama uko safarini na huna jinsi sawa baa inafaa, lakini nyumbani sioni sababu.

---

Mama_wa_Wawili

Samahani nimechelewa kuuona huu uzi. Mimi ni mama, wanangu wa miaka 5 na 8, huwa nawawekea hizi biskuti za protini shuleni kwa sababu asubuhi nawahi daladala siwezi kupika. Naomba niulize kwa lugha rahisi, mtoto anahitaji protini kiasi gani kwa siku? Na je nikiacha hizo biskuti niweke nini ambacho hakitaharibika mpaka saa nne?

---

Mpima_Nafaka

Dada pole kwa hizo asubuhi, naelewa kabisa.

Kwa mtu mzima makadirio ya WHO na FAO ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa umri huo ni zaidi kidogo tu, inakaribia 0.9. Kwa hiyo mtoto wa kilo 20 anahitaji kama gramu 18 kwa siku nzima. Sio nyingi! Yai moja gramu 6, bilauri ya maziwa gramu 8, hapo tayari 14, bado hujagusa maharage ya mchana wala dagaa wa jioni. Kikombe cha maharage yaliyopikwa ni kama gramu 15. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hakuna biskuti ya duka lolote inayosogelea hapo.

Ila sasa, hizo gramu 18 ni kwa mtoto anayekula akashiba. Akiwa na njaa, mwili unachoma protini kama kuni tu ili upate nguvu. Kwa hiyo usiogope wanga, mtoto anauhitaji, ogopa sukari nyingi kwenye biskuti uliyoinunua ukidhani ni protini.

Cha kuweka kwenye begi: yai la kuchemsha na maganda yake, karanga za kukaanga kama hana aleji, bagia za dengu ulizokaanga jioni, mkate uliopakwa siagi ya karanga. Vyote vinafika saa nne bila shida. Na siku umechelewa kabisa ukaweka biskuti, weka, sio dhambi, ila ihesabu kama biskuti.

Kitu kingine kwa sisi wala ugali. Mahindi yana upungufu wa asidi amino mbili, laisini na triptofani, maharage yana laisini ya kutosha. Vikikutana sahani moja au hata ndani ya siku moja vinazibiana. Ugali maharage, makande, wali maharage, hivi vyakula vina akili kubwa ndani yake na watoto wetu wanaambiwa ni vya kimaskini.

---

Mkulima_Kondoa

Mkuu uko sahihi kwenye mengi ila kwenye karanga sema yote. Huku kwetu sumukuvu (sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka) sio hadithi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, na karanga nazo zinashika huo ukungu kirahisi. Ukiwaambia watu waache biskuti wale karanga waambie na za kuchagua.

---

Mpima_Nafaka

Mkulima_Kondoa ahsante, na ni muhimu kweli. Wakuu karanga zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu mdomoni, tupa. Usikaange ukidhani moto unaua, ile sumu inavumilia joto la kukaangia. Nunua zilizokauka vizuri, hifadhi pakavu, na usinunue zilizosagwa tayari kama humjui aliyesaga maana zikishakuwa unga huwezi kuchagua tena. Hili lebo ya lishe haitakuambia kabisa, hata pakiti iwe na protini gramu 30.

---

Jirani_Mwema

Mama yangu mzazi ana tatizo la figo, hospitali walisema apunguze protini. Je hivi vitafunwa vya protini ni hatari kwake?

---

Mpima_Nafaka

Pole sana ndugu. Hapo mimi sio mtu wa kukupa kiasi, muulize daktari wake au mtaalamu wa lishe pale kliniki akupe gramu kwa siku, inategemea hatua ya ugonjwa na kama yuko kwenye dayalisisi (kusafishwa damu) au la, maana aliye kwenye dayalisisi anaambiwa tofauti kabisa. Ukishapewa hiyo namba ndio lebo inakusaidia kuhesabu. Na mpelekee hizo pakiti azione, nyingi zina chumvi na fosfeti za kuongezwa ambazo nazo ni mzigo kwa figo.

---

Biskuti_za_Moro

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mjasiriamali mdogo Morogoro naoka biskuti za ngano na soya. Wateja wanapenda na wengi wananiambia niandike "protini nyingi" kwenye stika ili ziuzike zaidi. Baada ya kusoma huu uzi naogopa kumdanganya mtu. Kwa mkupuo mmoja naweka unga wa ngano gramu 600, unga wa soya gramu 200, sukari 200, majarini 200. Zikishaiva nikipima zinakuwa kama kilo moja na gramu 100. Naomba unisaidie mkuu niandike nini?

---

Mpima_Nafaka

Marahaba dada, na hongera. Tupige hesabu hapahapa kila mtu aone.

Unga wa ngano una protini kama asilimia 10, kwa hiyo gramu 600 zinatoa gramu 60. Unga wa soya usiokamuliwa mafuta una kama asilimia 36, gramu 200 zinatoa 72. Sukari na majarini hazitoi kitu. Jumla 132. Gawanya kwa gramu 1,100 zilizoiva unapata gramu 12 kwa kila gramu 100.

Nishati sasa. Ngano kama kilokalori 2,180, soya 870, sukari 800, majarini 1,440. Jumla inakaribia 5,300, ukigawanya inakuja kama kilokalori 480 kwa gramu 100. Protini yako 12 mara 4 ni 48, gawanya kwa 480, asilimia 10.

Kwa hiyo biskuti yako kwa mwongozo wa Codex imepita gramu 10 ni "protini nyingi", na kwa Ulaya haijafika hata "chanzo cha protini". Biskuti ileile, oveni ileile. Ila kwa ubora uko mahali pazuri, soya inaziba upungufu wa laisini wa ngano, hilo kampuni nyingi kubwa hazina. Hakikisha tu soya yako imekaangwa au kuchemshwa vizuri kabla ya kusagwa, mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kumeng'enya protini.

Ushauri wangu usiandike "nyingi". Andika "protini gramu 12 kwa kila gramu 100, ngano na soya". Lakini kabla ya kuchapa stika pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) hapo Morogoro wakupe barua ya utambulisho, alafu TBS, bidhaa ipimwe maabara. Hesabu hii tuliyopiga ni ya majedwali, maabara ndio itakupa ya kwako.

---

Biskuti_za_Moro

Mungu akubariki mkuu. Nikipunguza majarini iwe 150 na soya ikawa 300 ngano 500?

---

Mpima_Nafaka

Ngano 50, soya 108, jumla protini 158. Uzito ukishaiva tuseme ni kama kilo moja na 70 hivi, pima mwenyewe, inakuja gramu 14 na kitu kwa gramu 100. Nishati jumla kama 5,000. 158 mara 4 ni 632, asilimia 12 na nusu. Umeingia kwenye "chanzo" hata kwa Ulaya.

Ila zitakuwa ngumu zaidi na ladha ya soya itapanda, oka mkupuo mdogo kwanza uwape wateja wako waonje. Na ukipeleka sampuli maabara changanya za mikupuo tofauti, usichukue zile zilizotoka vizuri peke yake.